Kanyagio la Mkoko

Mikindani, 9 Januari 2023

Kwa mdogo wangu Twalha,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, ila magoti yanamsumbua mama na habari ya hospitali hataki kuisikia. Anasema dawa yake ni mimi nimkande. Hamido ameingia darasa la tatu. Amekuwa mrefu, miguu yote ya baba yake, suruali za mwaka jana zinamwishia ugokoni. Barua hii anakuletea Mama Yusra, anavuka mpaka pale kivuko cha Namoto na vitenge vyake. Nimemwambia akupe mkononi, asimpe mtu mwingine.

Utauliza kwa nini karatasi wakati simu zipo. Kwa sababu kwenye simu nikimtaja Cassamo tu, mtandao wako unakatika. Ajabu ya mtandao huo! Nikikuuliza umekula nini, unasikika mpaka unavyotafuna. Karatasi haikatiki, bwana.

Haya, jambo lenyewe. Machi hii inatimia miaka miwili tangu Jumatano ile mashababi walipoingia Palma na bunduki na mapanga. Mimi nilikuwa huku na Hamido kwenye harusi ya shoga yangu Siwema, mume wangu Cassamo alibaki. Nimekwenda kwa sheikh mara ya tatu sasa. Maneno yake ni yale yale: akija mtu mmoja mwaminifu akasema kwa macho yangu nimemwona Cassamo amekufa, mimi ni mjane. Asipokuja, mimi ni mke wa mtu. Alawi wa duka la nguo ameleta posa mara mbili, na mara mbili nimemrudisha. Si kwamba namtaka, na domo lake lile. Nataka kujua huyu ninayemwombea, nimwombee kama mzima au kama maiti. Kila nikiinua mikono nasita hapo hapo, Twalha. Nimechoka kusita.

Nasikia umeingia kwenye kooperativa, ushirika unaofufua baiskeli kongwe. Basi mtafute Cassamo kwa baiskeli yake. Ni Raleigh nyeusi ya babu yake, breki za vyuma, kengele ya shaba. Alama yake tunaijua mimi na yeye tu: chomoa kiti, ndani ya bomba mna hirizi niliyoishonea kipande cha kanga yangu ya buluu, kwa uzi mwekundu. Ukiikuta usiifungue. Niandikie.

Dada yako,
Zena


Palma, 2 Februari 2023

Dada yangu Zena,

Waalaykum salaam. Barua imefika na nimeibusu kwa ajili ya mama. Mwambie magoti ayapake mafuta ya nazi yenye kitunguu saumu. Mimi mzima. Nyumba yetu nimeezeka nusu, upande wa jikoni bado uko wazi na kuku wa jirani wameuhamia.

Ni kweli niko kooperativa. Tuko kumi na mmoja, chini ya mabati ya ghala la zamani la korosho. Mkubwa wetu ni Esperança, Mmakonde wa Mueda, mwanamke aliyejifunza kuchomelea vyuma alipokuwa kibarua kwenye mradi wa gesi wa Afungi. Anatutukana kwa Kireno na kutusifu kwa Kimakonde, kwa hiyo sifa zinatupita. Baiskeli tunaziokota pale watu walipoziacha siku ile: vichakani, visimani, chini ya kuta zilizoungua. Wiki iliyopita tulitoa nne kwenye kisima kimoja nyuma ya soko, na chini ya ile ya nne palikuwa na watu wawili, mifupa mitupu, mmoja mikono imefungwa kwa tyubu. Tukawazika kwanza, ndipo tukarudi kwenye vyuma. Fremu nyingine zina matundu ya risasi na Esperança anayaziba kwa shaba. Kuna kiti kimoja kimepasuliwa kwa panga toka nyuma hadi mbele, na mwenyewe alikuwa amekikalia. Kutu tunaitoa kwa mafuta ya taa na mchanga. Damu iliyokauka ni kazi nyingine, inaingia kwenye nyuzi za bolti, inabidi uichokonoe kwa sindano.

Utaratibu wetu ni huu: baiskeli ikiokotwa inatundikwa kwa waya siku arobaini, haiguswi na spana, kama tunavyomhesabia mtu arobaini yake. Jina la aliyeiokota linaandikwa ukutani kwa chaki. Anayeidai ataje alama iliyofichika. Siku zikipita bila mwenyewe, ni ya aliyeiokota.

Ya shemeji naitafuta, dada, wallahi naitafuta. Kila Raleigh inayoingia naitazama mimi kabla ya wengine: nyeusi, breki za vyuma, kengele ya shaba, kanyagio la kushoto la mkoko. Haijaonekana. Wewe tulia, usiende kwa masheikh kila siku, watakuchanganya bure.

Mdogo wako,
Twalha


Mikindani, 21 Februari 2023

Twalha,

Salamu za mama na Hamido. Mafuta ya kitunguu tumempaka, sasa ananuka mchuzi na magoti ni yale yale.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nina swali moja. Mara ya mwisho ulimwona Cassamo lini? Najua uliapa mbele ya mama siku ile uliyofika hapa miguu imevimba. Nataka uniandikie kwa mkono wako, siku na mahali. Sheikh anakusanya maneno.

Zena


Palma, 29 Machi 2023

Dada yangu mpenzi,

Ramadhani karim. Samahani kwa kuchelewa. Kivuko kilifungwa majuma mawili na Mama Yusra alikwama Namoto na mizigo yake. Kuku wametaga jikoni kwangu, nimepata futari isiyo na jasho.

Swali lako: nilimwona Jumapili, siku tatu kabla, sokoni, akinunua chumvi. Baada ya hapo sikumwona tena.

Sasa kaa chini. Baiskeli imepatikana. Imeletwa na Momade, Mmwani aliyekimbia Mocímboa, anakamata kaa kwenye matope na alikuwa mwenzetu pale kooperativa tangu Desemba. Aliifikisha Jumatatu asubuhi begani, imejaa tope la bahari. Esperança hakuwahi hata kuandika jina lake ukutani. Mzee mmoja wa bairro, mtaani kwetu, akasema hiyo ni baiskeli ya Cassamo. Watu wakasogea. Wakaniuliza mimi, shemeji mtu: ni yake? Nikasema ni yake. Wakaniuliza: aliwahi kumwazima mtu? Nikasema hakumwazima mtu hata mara moja. Ndiyo kweli, nawe unajua.

Basi wakamgeukia Momade, aseme aliitoa wapi. Akafungua mdomo, na kabla hajasema mtu mmoja akampiga mdomoni kwa spana kubwa ya ekseli. Meno yakadondoka kwenye kopo la grisi. Baada ya hapo sijui nikueleze vipi. Walikuwa wanafunzi wa madrasa, wauza samaki, baba zao. Kila mmoja ana mtu wake aliyechinjwa, na hawajapata kumtia mkononi hata mmoja wa wale mashababi. Wakampata huyu, mgeni, mwenye baiskeli ya maiti. Walimpiga kwa minyororo. Walimlaza mkono wa kulia juu ya fuawe na kuuponda kwa nyundo, wakisema ndio ulioshika panga. Vidole vilikuwa bapa. Alikuwa analia kwa Kimwani, anamwita mama yake. Esperança alifyatua moto wa kuchomelea usoni mwa watu ndipo wakarudi nyuma. Momade yuko hai. Mkewe Saquina akitoka kuteka maji, anarushiwa mawe.

Nilichomoa kiti mwenyewe. Hirizi imo, uzi mwekundu umebaki. Sijaifungua.

Kwa hiyo dada, mwambie sheikh. Cassamo ameuawa na aliyemuua amejulikana. Pumzika sasa.

Twalha


Mikindani, 17 Aprili 2023

We Twalha,

Mama mzima, Hamido mzima. Basi, salamu zimetosha.

Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Nikanyamaza, nikasema labda nimesoma vibaya, nikakuuliza swali moja ili nikupe nafasi. Nawe ukaniandikia Jumapili, na chumvi juu!

Jumatano ile, kwenye saa nane mchana, Cassamo alinipigia simu. Ndiyo mara ya mwisho kuisikia sauti yake, maana baada ya hapo mitandao yote ilizimika. Unajua tuliongea nini? Upuuzi. Alisema asubuhi hiyo amepakia gunia la unga, kanyagio la kushoto likavunjika, akachonga jingine kwa kipande cha mkoko na sasa baiskeli inalia kama bata. Tukacheka. Akasema mtu yeyote hajaiona bado, ataionyesha jioni muone aibu ninyi mafundi.

Kanyagio lile lilizaliwa Jumatano asubuhi. Wewe ulilitaja Februari, kabla baiskeli haijatoka kwenye tope. Ninyi mafundi hamwezi kuieleza baiskeli bila kutaja palipotengenezwa, mkono wako umekuumbua. Ulikuwa naye. Ulikuwa naye siku ile, na umekaa nyumbani kwa mama miezi minane ukila wali wangu na kunitazama nikimsubiri.

Na huyo Momade, mtu wa watu, ameshikwa na nini zaidi ya baiskeli? Na spana ile ilishikwa na nani? Umeniandikia kila mtu, madrasa, wauza samaki, baba zao, lakini huyo aliyepiga wa kwanza ni "mtu mmoja". Palma nzima humjui jina?

Usinipigie simu. Kaa chini uandike. Ukinidanganya tena navuka mwenyewe Namoto, na Mungu nisamehe, nitakuja na kisu cha samaki.

Zena


Palma, 30 Juni 2023

Dada,

Juzi ilikuwa Idi na sikwenda kuswali. Karatasi hii imekaa mezani tangu Mei. Mama Yusra amepita mara tatu, mara tatu nikamwambia bado.

Nilikuwa naye.

Walipoanza kupiga risasi nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Cassamo angeweza kwenda zake, alikuwa juu ya baiskeli tayari. Alikuja kunichukua mimi. Akasema panda. Nikapanda nyuma, kwenye keria, tukashika njia ya Kionga. Kanyagio linalia, watu wanakimbia pande zote, nyuma yetu soko linawaka. Tulipopita mikorosho wakatokea watatu, mmoja ana bunduki, wawili mapanga. Risasi ilimpata Cassamo pajani, tukaanguka.

Mimi niliinuka wa kwanza. Niliiinua baiskeli. Dada, naapa nilifikiri naiinua ili nimpandishe. Lakini nilipoishika tu, mguu ulikuwa juu ya kanyagio. Yeye akaishika keria kwa mkono. Akasema, "Twalha, nipandishe." Hakupiga kelele, alisema taratibu kama anayeomba maji. Nilikanyaga, baiskeli haikwenda, nikamburuta hatua kama tano. Hakuachia. Nikachomoa pampu kwenye fremu nikampiga vidole. Mara ya kwanza hakuachia. Mara ya pili nikasikia mfupa. Mara ya tatu akaachia.

Niligeuka nyuma mara moja. Mmoja alimkanyaga mgongoni, wa pili akashusha panga shingoni, mara mbili, na ile ya pili haikuwa na haja. Amekufa. Mwambie sheikh shahidi ni mimi, kwa macho yangu, Jumatano, kabla ya alasiri kuadhiniwa, maana siku ile alasiri haikuadhiniwa. Alipozikwa sijui. Nimekwenda mara nyingi pale kwenye mikorosho. Hapana kitu.

Baiskeli niliitupa kwenye tope la mikoko karibu na Namoto. Keria ilikuwa na damu ya vidole vyake, niliogopa watu wa kivukoni waione.

Na spana ni mimi. Momade alifungua mdomo aseme aliitoa kwenye tope la Namoto. Angesema hivyo mtu angeuliza, mashababi wapeleke baiskeli kivukoni kufanya nini? Nani alifika nayo huko akavuka? Nikampiga mdomoni asiseme. Niliona wengine wakiokota minyororo na nikafurahi, dada. Nikafurahi.

Usimwambie mama.

Twalha


Mikindani, 14 Julai 2023

Twalha,

Mama nimemsomea yote. Ameomba apelekwe hospitali, magoti, anasema hataki tena kukandwa na mtu.

Nimekwenda kwa sheikh na karatasi yako. Unajua ameniambia nini? Ameniambia eda yangu ilishapita. Inahesabiwa tangu siku aliyokufa, si siku niliyopata habari. Miezi minne na siku kumi, ilikwisha zamani, mwaka ule ule. Ilipita nikiwa napika maandazi, nimejipaka hina kwa Siwema, nacheka na watu sokoni. Nilikuwa mjane sijui, na wewe ulijua, kila siku ulijua. Umemuua mume wangu kwa pampu, na eda yangu pia umeniibia. Nilitaka kuikaa. Ilikuwa yangu!

Nitaikaa hivyo hivyo, sheikh apende asipende. Nimevua rangi.

Sasa sikiliza. Wewe utakwenda kooperativa mchana, wote wakiwapo, na wale wa bairro waliompiga uwaite. Utasema mbele ya Momade na mbele ya Saquina, kuanzia kwa kinyozi mpaka kwenye spana. Usiruke hata kidole kimoja. Ukishasema, watakalokufanya ni lako.

Zena


Palma, 6 Agosti 2023

Kwa dada Zena,

Barua hii anaiandika Esperança, mimi nasema tu. Kiswahili chake utakisamehe, na pale asipopendezwa na maneno yangu anaweka ya kwake.

Nimefanya kama ulivyosema. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Walikuja wengi kuliko siku ya Momade. Nilisema kuanzia kwa kinyozi. Nilipofika kwenye pampu mzee yule wa bairro alikaa chini akajifunika uso. Nilipofika kwenye spana, waliokuwa nyuma wakasogea mbele.

Wale waliompiga Momade ndio walionivamia, kwa nguvu kuliko walivyompiga yeye, maana nimewafanya wakosaji. Walinivunja mbavu na mkono wa kushoto. Halafu mmoja akasema ngojeni, haki ni ya Momade, akampa mnyororo. Momade akaupokea kwa mkono ule wa kulia, kwa mazoea. Vidole havikufunga, mnyororo ukaanguka. Akajaribu tena, ukaanguka tena. Watu walikuwa wanatazama. Ndipo Saquina akauokota. Alinipiga yeye, mkono wa kulia, juu ya fuawe ile ile. Sikukinga. (Mimi Esperança nasema ni kweli hakukinga. Nilimwacha Saquina apige mara tatu, ya nne nikamzuia.)

Momade hana meno ya mbele, maneno yake yanatoka na hewa. Alisema, "Mimi nilitaka baiskeli tu, niende nayo kwenye kaa. Miguu inaniuma."

Siku arobaini zilishapita. Lakini mwenyewe yupo na alama ameitaja, kwa hiyo ni yako dada. Bado imetundikwa. Hirizi iko kwenye mfuko wa shati langu. Uniambie nifanye nini.

Twalha
(na Esperança)


Mikindani, 24 Novemba 2023

Twalha,

Sikuandika kwa sababu nilikuwa kwenye eda. Imekwisha juzi. Hamido ameniuliza baba alikufa vipi, nikamwambia alikwenda kumchukua mjomba. Hilo ni kweli, na mengine atayapata akikua.

Baiskeli nampa Momade. Utaitengeneza wewe, peke yako, kwa huo mkono wa kushoto ukishaunga. Esperança asikusaidie hata kushika spoki. Kutu itoke yote. Kanyagio la mkoko usilitoe, na usilitie grisi, liache lilie. Kila Momade akipita mlangoni kwako akienda kwenye kaa, ulisikie.

Kupigiwa simu sitaki. Kuja huku usije, mama hajasema neno juu yako na mimi simlazimishi.

Hirizi nilikukataza kuifungua. Sasa ifungue. Mwombe Esperança akukatie uzi, usije ukaipasua. Ndani mna karatasi ya mwalimu wa madrasa, na majina niliyomwomba ayaandike ili Mungu ayalinde barabarani. Sikumwambia aandike la Cassamo peke yake. La pili ni lako, kwa sababu nilijua kila siku ni wewe utakayekaa nyuma.

Zena